Hodi mara tatu: adabu za mwanamume wa leo, nilivyoziona kutoka kwenye cherehani yangu Ngamiani

Habari za jioni wakuu, na dada zangu mliomo humu pia, maana najua mtasoma hata kama kichwa cha uzi kinawataja wanaume.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Nashona kanzu, suti na suruali za kiume, mwaka wa 23 sasa. Kazi hii inanikutanisha na wanaume wa kila aina: mabwana harusi, walimu, watu wa bandarini, vijana wa bodaboda, wageni walioletwa na kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani. Mtu akisimama mbele yangu kanyoosha mikono, futi kamba imemzunguka kifua, basi hapo nitamjua tu. Nitajua anavyosema na mkewe, anavyoipokea simu ya mama yake, na anavyomwita yule kijana anayenisaidia kupiga pasi.

Alhamisi iliyopita alikuja kijana mmoja kujaribu suti yake ya harusi. Koti liko mwilini, mimi pini nimezibana midomoni, simu yake ikaita. Mkono mmoja nilikuwa nimemshika napima urefu, kwa hiyo akabonyeza spika, akailaza simu juu ya meza ya kukatia. Alikuwa mama yake. Dukani tulikuwa watu sita. Mama wa watu, hana habari kama kuna masikio mengine, akaanza kueleza hali ya mdogo wake kijana, binti. Akaeleza ugonjwa, akaeleza daktari kasema nini, akataja na mahali penyewe mwilini. Kijana anaitikia "ehe mama, ehe," huku anajitazama kwenye kioo kama mabega yamekaa.

Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anasubiri kanzu yake ipigwe pasi. Magoti yanamsumbua yule mzee. Akishakaa, kuinuka ni shughuli. Nikamwona anajikokota, kashika mkongojo, katoka nje, kasimama pembeni ya baiskeli yake kwenye jua la saa nane mpaka simu ilipokatika. Aliporudi hakumtazama kijana, hakuguna, hakuuliza kitu. Alisema tu, "Fundi, koti limemkaa."

Kijana alifurahi kusifiwa koti. Kwa nini mzee alitoka, nadhani mpaka leo hajui.

Toka siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, ndiyo maana nafungua uzi. Tunaongea sana kuhusu mwanamume kujipenda, kuvaa vizuri, kunukia, kula kwa uma na kisu. Yote sawa, na mengine ndiyo yanayonilisha. Lakini adabu zote nilizolelewa nazo hapa mjini, ukizifumua mshono mmoja mmoja, ndani yake unakuta kitu kimoja, nacho ni sitara. Ni kumsitiri mwenzio kabla hajafika mahali pa kukuomba umsitiri. Yule mzee alimsitiri binti ambaye hamjui wala hatamjua, kwa kutembea hatua sita na goti bovu.

Nianze na hodi, kwa sababu ndiyo ya kwanza tunayofundishwa na ndiyo tuliyoiacha ikapotea bila kujua imehamia wapi.

Bibi yangu mzaa mama, Makorora, alinifundisha hodi kama mtu anavyofundisha swala. Husimami mkabala na mlango, unasimama ubavuni, uso umeuelekeza njiani. Unapiga hodi, unanyamaza. Unapiga ya pili, unanyamaza zaidi kidogo. Ya tatu isipojibiwa unaondoka, hata kama unasikia redio inaimba ndani na mwiko unagonga sufuria. Na unaondoka bila kununa, wala kesho yake humuulizi mtu "mbona jana nilibisha hamkunifungulia." Mwenye nyumba hana deni la kukueleza.

Kile kimya kati ya hodi moja na nyingine ndicho chenye kazi. Nikiwa mtoto nilikiona kama kupoteza muda. Sasa najua kwamba humo ndani mtu anafunga kanga vizuri, anavuta mtandio, anafunika sufuria ya uji ambayo haitoshi wageni, anafuta machozi. Unampa nafasi ya kuwa vile anavyotaka umkute.

Sasa tazameni simu ya video. Ni mlango ule ule, na wengi wetu tunausukuma kwa bega.

Hili nalisema nikiwa mkosaji. Mwaka juzi nilimpigia mteja wangu simu ya video nimwonyeshe vitambaa viwili, kijivu na cha bluu ya kiza, achague mwenyewe. Simu ikapokelewa na mtoto wake mdogo, akakimbia nayo uani. Kabla sijakata nilishamwona mama wa nyumba amekaa kwenye kigoda, kanga iko kifuani, nywele nusu zimesukwa nusu zimetimka, mikono ina mafuta. Akapiga ukelele wa kushtuka. Nikakata. Nilikaa na ile simu mkononi nikiona aibu ambayo siwezi kuieleza. Nilimwandikia mumewe saa hiyo hiyo, bila kuzungusha: nimepiga video bila kuuliza, mtoto kapokea, nimemwona shemeji asivyotaka kuonekana, nisamehe na uniombee radhi kwake. Akajibu kwa upole. Lakini mwanamke yule alikaa miezi hata salamu yake akipita dukani ilikuwa ya haraka haraka, na namwelewa.

Toka hapo simpigii mtu video bila kuandika kwanza "naweza kukupigia video sasa hivi?" Hiyo ndiyo hodi yenyewe. Asipojibu, nasubiri. Mara tatu haikujibiwa, naacha, nitampata kesho. Kumpigia mtu simu mara tisa mfululizo kwa sababu unataka kujua suruali itakuwa tayari lini ni sawa na kugonga mlango kwa jiwe.

Na spika, jamani. Ukipokea simu mahali penye watu halafu ukaweka spika, aliye upande wa pili yuko uchi na hajui. Kama huna budi, mwambie mapema: "Mama, nipo kwa fundi, kuna watu, nikupigie baada ya dakika kumi?" Ni sentensi moja. Hivyo hivyo na zile sauti za kurekodiwa ambazo watu wanazifungulia ndani ya daladala, mkuu mzima kakaa kiti cha dirishani, mke wake anasikika mpaka kwa kondakta akilalamika kuhusu mkwe.

Nakata hapa, umeme umerudi na nina kanzu za watu. Nitaendelea baada ya isha.

---

NAENDELEA.

Nimesoma michango. Asanteni. Mmoja kaandika hivi: "Mkuu, haya mambo ya adabu adabu ni ya mabinti. Mwanamume akihangaika na hodi na mtandio wa watu atatafuta hela saa ngapi?"

Ndugu yangu, nitakujibu kwa heshima, kwa sababu umesema kile ambacho wengi wanakiamini.

Binti wa hapa kwetu akikaribia kuolewa anakalishwa ndani. Ana somo wake, yaani mama mtu mzima wa kumfunda, anafundwa: namna ya kupokea wageni, kunyamaza penye kunyamaza, kuhifadhi siri ya nyumba. Bwana harusi naye anakuja kwangu kupimwa suti, basi. Hakuna mtu anayemkalisha. Zamani kijana alikuwa na jando. Sisemi lilikuwa zuri kila kitu, maumivu yake na hatari zake zinajulikana, na hospitali imeokoa watoto wengi. Lakini kijana alikuwa akikaa siku nyingi na wakubwa wanaomwambia jinsi mwanamume anavyoishi na watu. Leo mtoto wa kiume anatahiriwa mchanga, anapona, anarudi kwa mama yake. Kisu kimehamia hospitali, mafunzo hayakupewa mahali pa kuhamia. Kwa hiyo usishangae kumkuta mtu ana miaka 30, ana gari, ana digrii, na hajui kwamba mwenyeji haachi kula kabla ya mgeni, asije mgeni akaona haya akaacha na njaa yake.

Na kama unadhani adabu ni somo la mabinti peke yao, Shaaban Robert ni mtoto wa hapa hapa, kazaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Alikuwa na mtoto wa kike na wa kiume. Alimtungia binti utenzi wa kumwasa, na mtoto wa kiume naye alimtungia wake. Mtu aliyekuwa karani, mwenye kazi ya mchana kutwa, alikaa akapanga beti kwa beti kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Sasa sisi tunaona tabu hata kumwambia kijana aondoe mguu kwenye kiti cha jirani.

Kuhusu hela za kutafuta, tena umenifikisha penyewe. Adabu ya mwanamume wa sasa iko zaidi kwenye hela kuliko mahali pengine popote.

Chukulia kutuma pesa kwa simu. Dada yako yuko Muheza, mtoto anaumwa, kakuomba elfu ishirini. Unatuma elfu ishirini kamili. Kwa wakala akitoa, inakatwa ada, haitoshi dawa, na yeye hawezi tena kurudi kukuambia "kaka, imepungua." Ataona haya. Atakwenda kukopa kwa jirani. Tuma na ya kutolea. Hakuna anayekulazimisha, na ni kitu kidogo, lakini umemwondolea aibu ya kuomba mara mbili. Nikiona mtu anatuma pale dukani na kujumlisha ya kutolea bila kuambiwa, namhesabia hilo kuliko viatu vyake.

Halafu usimpigie nusu saa baadaye kumuuliza kama imefika na imetumikaje. Umeshatoa.

Deni nalo. Nina mteja mmoja, mwendesha bajaji, nilimshonea kanzu mbili kwa mkopo kabla ya Idi. Tulikubaliana Ijumaa. Jumatano kabla ya hiyo Ijumaa akasimamisha bajaji nje, akaingia, akangoja mteja aliyekuwepo aondoke, akaniambia: "Fundi, Ijumaa sitaiweza. Nipe mpaka tarehe tano. Nimeona nikwambie kabla hujanitazamia." Nikampa mpaka tarehe kumi. Kwa nini? Kwa sababu alinisitiri mimi. Nisingelazimika kuanza kumtafuta, kumpigia simu asipokee, kukutana naye msikitini kila mtu anaangalia pembeni. Wengi tunadhani mwenye aibu kwenye deni ni mdaiwa tu. Kudai nako kunauma, wakuu, tena sana.

Na mimi mdai nina adabu zangu. Simdai mtu mbele ya mkewe wala mbele ya watoto wake. Simwandiki kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nikimkuta kwenye kahawa, tunakunywa kahawa.

Bili ya hotelini, nitasema kwa kifupi kwa sababu watu wanaipigania sana bila sababu. Aliyealika analipa. Kama ni wewe, inuka kabla haijaletwa, kalipe kaunta, rudi ukae. Usiisome kwa sauti mezani. Kama umealikwa, usiagize kitu cha bei mara mbili ya kile alichoagiza mwenyeji wako. Na yule dada anayehudumu haitwi kwa "pssst" wala kwa kugonga glasi. Ana macho, inua mkono, atakuja. Akileta, mwambie asante, hata kama ni kazi yake.

---

SAA NNE USIKU, naongeza kuhusu mavazi kwa kuwa watu watatu wameuliza.

Nitataja yale tu ninayoyaona kila Jumamosi kwenye harusi na yananiuma kama fundi.

Ukinunua koti la dukani, ile lebo iliyoshonwa juu ya mkono karibu na vifungo inatolewa. Imeshikizwa kwa nyuzi nne tu, ni alama ya muuzaji, siyo pambo. Nyuma kwenye mpasuo wa koti kuna uzi umeshonwa kama alama ya kuzidisha; nao unakatwa, umewekwa ili koti lisipinde safarini. Mifuko ya nje mara nyingi huja imefungwa kwa uzi mwepesi, unaweza kuifungua au kuiacha. Koti la vifungo viwili unafunga cha juu, cha chini unaacha wazi. La vitatu, cha kati ndicho hakikosi na cha chini hakifungwi. Ukikaa unafungua, ukisimama unafunga. Tai ifike kwenye mkanda. Kanzu isiburuze chini, na fulana ya ndani isionekane rangi. Kanzu nyeupe na fulana ya mpira yenye namba mgongoni haziendani, hata kama ni Coastal Union na mimi mwenyewe naishangilia.

Soksi. Hapa kwetu viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo soksi zako ni sehemu ya salamu. Kama kuna nyumba utaingia leo, vaa safi asubuhi.

Sasa kubwa. Ukimwona mwenzio ana lebo mkononi na mko harusini, usimwambie mbele ya meza nzima. Mvute pembeni kama mtu anayekwenda kunawa, mwambie huko, ukiwa na wembe au kiwembe cha kucha umsaidie. Nimeona bwana mmoja anaambiwa kwa kipaza sauti na mshereheshaji, ukumbi mzima ukacheka. Alikaa kwenye kiti chake mpaka mwisho na mkono mmoja chini ya meza. Yule mshereheshaji alikuwa amevaa suti nzuri mno.

---

ASUBUHI. Nimeamka nimekuta michango mingi. Nijibu miwili mitatu.

Dada mmoja ameandika: "Fundi, mbona hujagusa habari ya barabarani? Mimi natembea kutoka Mabawa mpaka sokoni na kila kijiwe kina maneno yake."

Dada yangu, umesema kweli na niombe radhi kwa kuliruka. Hata barazani kwangu yametokea. Nilipoanza kazi niliyanyamazia, nikidhani siyo maneno yangu, ni ya vijana. Lakini baraza ni yangu. Mwanamke akipita mbele ya wanaume wanane waliokaa, hata wakinyamaza tu na kumfuata kwa macho, ile njia kwake imekuwa ndefu. Sasa pale kwangu sheria ni moja: anapopita, mazungumzo yetu yanaendelea kama yalivyokuwa. Tukijuana, yeye akisalimu, tunaitikia "salama mama," "salama dada," imekwisha. Kuna kijana alianza kupiga mluzi, nikamwita ndani nikamwambia benchi ni la wateja. Hajarudia. Na wanaume wajue hii siyo adabu tu, ni sheria: Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha unyanyasaji wa kijinsia, 138D, kilichoingizwa mwaka 1998, na maneno na ishara vimo.

Mkono wa salamu, ngojea yeye autoe. Wapo wanaopeana mikono na wapo wasiopeana, kwa dini yao au kwa kupenda kwao tu. Ukinyoosha wako kwanza umemweka kwenye kuchagua kati ya imani yake na kukuaibisha wewe. Weka kiganja kifuani, salimu. Akitoa mkono, pokea, usiuminye wala usiushikilie.

Mkuu mwingine, anasema aliishi Ulaya, ameuliza kama tumfungulie mwanamke mlango wa gari. Mfungulie, hakuna ubaya. Ila nimeona mtu anamfungulia mchumba mlango wa gari kwa madoido, na nyuma yake kuna mama ana mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa, anahangaika kupanda daladala, na hata hakumwona. Ningependa tuanze na yule wa ndoo. Mkitembea na mkeo pembeni ya barabara, wewe kaa upande wa magari. Kwenye baiskeli, akikaa nyuma, shuka kwenye kokoto. Mji wetu huu ni wa baiskeli, kengele ipo, unaigonga mapema, siyo ukishafika kisigino cha mtu.

Na wazee wenzangu wanaolalamika kwamba vijana hawatoi shikamoo: nasi tuitikie. Mtoto kasimama, kasema shikamoo, mzee anasema "mm" macho yako kwenye simu. Marahaba ina neno zima. Mtazame usoni, umuulize na shule.

---

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo la msiba limenikaa kooni, acha nilitoe.

Mwaka huu tulifiwa na jirani. Kundi la WhatsApp likafunguliwa kwa ajili ya rambirambi. Ni jambo jema, linasaidia, watu wako mbali. Lakini ikawekwa orodha: namba, jina, kiasi. Wa kwanza elfu hamsini, wa pili elfu ishirini, hivyo hivyo. Na wale ambao hawajatoa majina yao yakaandikwa pia, mbele yake kistari. Kila saa orodha inarushwa upya. Kulikuwa na bwana mmoja, jina lake lilikuwa la kumi na nne, kistari chake kilikaa siku tatu. Watu mia na zaidi wanakiona.

Mimi nilikuwepo uani siku ya mazishi. Bwana yule ndiye aliyeshika kata akimwosha marehemu. Alikuja kabla ya alfajiri, kwa miguu, kakunja suruali, hakusema neno na mtu. Akamaliza, akanawa, akabeba jeneza, akaingia kaburini kumpokea maiti. Halafu jioni jina lake likarushwa tena na kistari. Nilimwandikia mweka hazina faragha, nikamweleza. Orodha ikaondolewa, ikabaki jumla tu. Nashukuru alielewa upesi. Wakuu, mkiwa na nafasi hizo, andikeni jumla, na kila mtu mpeni stakabadhi yake peke yake.

Na simu zibaki mfukoni pale kaburini. Marehemu hana tena mkono wa kuvuta shuka. Picha ya maiti, ya mjane anayelia, ya mgonjwa kitandani na mipira puani, haipigwi, na ukiletewa hairushwi mbele. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mimi siongei na wewe kuhusu polisi. Naongea kuhusu mjane atakayeona ile picha kwenye simu ya mtu mwingine, miezi sita baadaye, kwenye foleni ya maji.

---

La mwisho kwa leo, kwa sababu ni swali zuri na limeulizwa kwa unyenyekevu. Mkuu kaandika: "Fundi, nina rafiki yangu kazini, mtu mwema sana, lakini anatoa harufu ya kwapa. Wote tunamkimbia na hakuna anayemwambia. Nifanyeje bila kumuumiza?"

Nitakujibu kwa yaliyonipata.

Nilipokuwa najifunza kazi nilikuwa na miaka 18. Tulikuwa wanafunzi wanne kwa fundi mmoja, Mola amrehemu. Chumba kimoja, bati juu, pasi mbili za mkaa zinawaka, jasho linatutiririka. Mimi nilikuwa nanuka, na sikuwa najua. Wateja walikuwa wakirudisha vichwa nyuma nikiwapima, na nilidhani wanaogopa futi kamba.

Siku moja fundi akawatuma wenzangu watatu sokoni Mgandini, kila mmoja na lake: mmoja nyuzi, mmoja vifungo, mmoja mkaa. Mimi akanibakiza. Tulipokuwa wawili akafunga mlango wa mbele, akanipeleka uani. Akatoa mfukoni kipande cha sabuni, limau, na jiwe la shabu limefungwa kwenye gazeti. Akaniwekea juu ya ukingo wa pipa la maji. Akaniambia, "Mimi nilipewa hivi na fundi wangu nikiwa mkubwa kuliko wewe. Ukishaoga, shabu unailowesha unapaka, asubuhi na jioni. Limau kabla ya kulala." Akaingia ndani akaanza kukata kitambaa. Akaniachia nafasi.

Wenzangu waliporudi walinikuta nimeoga, nimevaa shati lake yeye fundi, limenizidi mabega. Mmoja akauliza mbona nimevaa shati la fundi. Fundi akajibu kabla sijafungua mdomo, macho yako kwenye mkasi: "Nampima. Nataka kuona kola ile inakaaje kwa mtu mwembamba."

Nilikaa naye miaka sita. Hakulitaja tena mpaka tunamzika.